Mlango wa Chini

Siku mliponiaga kwa chai na maandazi, mmoja wenu aliniuliza ni kifaa gani nitakikumbuka kuliko vyote. Nilijibu bisibisi, mkacheka, tukaendelea na maandazi. Lilikuwa jibu la kukwepa, maana jibu lenyewe ni refu na chai ilikuwa inapoa. Sasa nimestaafu, mvua za Masasi zimenifungia ndani na wajukuu, na nafasi ninayo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, zinanichosha hata zikiwa zangu. Nitaanza na mlango.

Karakana yangu ya kwanza ilikuwa Newala, chumba kimoja nyuma ya ghala la korosho, mali ya chama cha ushirika. Tulitengeneza taipureta za ofisi, mizani, redio, na kazi ikikosekana hata viti. Mlango haukufungwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Vumbi liliingia, mbuzi waliingia, na karani mmoja wa korti aliingia kila siku kusalimia tu. Fundi mkuu, Hilari Nandonde, Mmakua wa Lupaso, hakutaka kusikia habari ya kuufunga. Alikuwa akisema, "Mtu akikuta pamefungwa, atarudi kwao na mashine yake mbovu." Kwake hilo lilikuwa jambo baya kuliko mbuzi.

Nilifika nimevaa gauni la Idi, viatu nimevishika mkononi visichafuke njiani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye Somoe?"

"Ndiye mimi."

"Vaa viatu. Humu tunadondosha vyuma."

Huo ndio usaili wote niliofanyiwa. Akaniwekea mezani taipureta ambayo herufi moja ilikuwa ikinyanyuka na kugoma kurudi. Nikafunua kifuniko, nikachungulia, nikapuliza, nikachungulia tena. Alikaa pembeni akila muhogo, ananiangalia, mpaka nikaanza kutokwa jasho. Kisha akasema neno moja tu, "Geuza." Nikamuuliza nigeuze nini. "Mashine. Chini iwe juu. Kila mtu huchungulia juu, kwa sababu ndiko kunakong'aa. Kazi inafanyika chini." Nikaigeuza, na chini yake nikakuta vipande vya korosho za kukaanga, chakula cha mpiga chapa aliyekuwa akila huku anaandika. Niliviondoa kwa brashi na mafuta ya taa, herufi ikarudi mahali pake. Kuanzia siku hiyo sijawahi kutengeneza kitu bila kukiangalia chini kwanza, na ninyi mnajua jinsi nilivyowasumbua kwa hilo.

Maji ya Newala hayakuwa ya kuchezea. Mikono tulijisugua kwa mchanga, halafu kwa tambara lenye mafuta ya taa, na nilipokaribia kuolewa mama mkwe aliuliza kwa upole kama mchumba huyu anaishi ndani ya kibatari. Fundi Hilari alicheka habari hiyo mwezi mzima. Alikuwa mwalimu asiyesifu mtu. Ukipatia, alikuletea kazi ngumu zaidi, ndiyo pongezi yake.

Mkewe alikuwa mkunga. Watu wote walimwita Mama Regina, kwa jina la binti yao, ila yeye mwenyewe hakuweza kulitamka. Alikuwa Mmakonde wa Newala hasa, herufi ya "r" haikumkubali, na mtoto aliyempa jina hilo kwa mapenzi yake alikua akiitwa Legina na mama yake mzazi. Mchana alituletea ugali wa muhogo na kisamvu. Alisimama kizingitini ameshika bakuli, akaliangalia lile vumbi linaloruka, akasema, "Baba Legina, nlango." Basi. Hakupaza sauti. Fundi Hilari, ambaye hakumsikiliza hata mkuu wa wilaya, aliinuka, akaufunga mlango, tukala. Mkewe akishaondoka aliufungua tena. Nilifanya kazi pale miaka mingi na sikumbuki mchana mmoja waliogombana juu ya jambo hilo wala mmoja waliosikilizana.

Halafu ikaja huria. Ninyi mmelikuta neno hilo limeshakuwa la vitabuni, lakini sisi lilitukuta kazini. Tulitangaziwa soko huria, kwamba kila mwenye uwezo anunue na kila mwenye mali auze, na wengine tulifurahi, mimi nikiwa mmoja wao. Kilichokuja kwetu ni malori. Wanunuzi walikuja na mizani yao, wakapima kwa mizani yao, wakaondoka nayo kabla fundi yeyote hajaigeuza. Ushirika ulidhoofika mpaka ghala likafungwa, na karakana yetu ilikuwa nyuma ya ghala. Siku ya mwisho Fundi Hilari alifunga mlango ule yeye mwenyewe, kwa kufuli jipya tuliloletewa, akanipa bisibisi yake ndefu. Akarudi Lupaso kwenye mikorosho yake. Ilipofika jioni nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Nilipata kazi hapa Masasi kwenye mradi mdogo wa mafunzo ya uzazi. Tulirekodi masomo ya afya kwa Kiswahili na Kimakonde, tukayaweka kwenye kaseti, kaseti zikaenda zahanati na vijijini. Chumba cha kurekodia tulikizungushia magodoro ukutani ili mlio wa barabarani usiingie. Wakuu walitaka Kiswahili cha redioni, wakamleta msichana mwenye sauti laini kutoka mjini. Akina mama wa Newala walimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wakauliza kama hakuna mtu wa kuongea nao. Nikamkumbuka Mama Regina, aliyekuwa amestaafu ukunga, nikampelekea salamu Lupaso.

Alirekodi nasi miaka kadhaa. Hakusoma kwenye karatasi, alikaa na kuongea kana kwamba mwenye mimba yuko mbele yake kwenye mkeka. "Ntoto akiharisha usimnyime maji, mwanangu. Mpe kidogokidogo. Ukimnyima unamuua kwa huruma." Fundi Hilari alimleta kwa baiskeli, akamsubiri nje, na kwa kuwa alikuwa Fundi Hilari, katikati ya kurekodi aliufungua mlango kuangalia kama bado. Nilikata vipande vingi kwa ajili yake. Rekodi za mwanzo, kabla ya kukatwa, niliziacha kwenye kompyuta kama zilivyo, maana sijawahi kutupa kitu kinachoweza kufaa.

Kompyuta zetu zilikuwa mbili, na hapa ndipo vijana wa kazi msikilize. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya msaada, imekuja tupu bila mfumo wa kuiendesha, na mradi haukuwa na fedha za kununua leseni yake. Nikapelekwa Mtwara kwenye mafunzo mafupi. Mwalimu akatugawia sidii, akasema hii ni programu huria. Wanafunzi waliotoka Dar es Salaam waliliandika neno hilo kwenye madaftari. Sisi wa kusini tuliangaliana. Mmoja kutoka Tandahimba akauliza kwa sauti ya chini kama inakuja na lori.

Mwalimu hakuelewa kicheko chetu, lakini alifundisha vizuri. Mfumo ule haukuwa na picha za kuvutia. Kioo cheusi, maandishi meupe, unaandika amri, unajibiwa. Ulitengenezwa na watu wa vyuo vikuu na mafundi wa kujitolea, wengine hawajawahi kuonana, na maelekezo yote ya jinsi ulivyojengwa yaliwekwa wazi ili anayetaka asome, arekebishe, ampe mwenzake. Niliupenda, nasema kweli. Nilihisi nimerudi kwenye chumba kisichofungwa mlango.

Kompyuta ya pili ililetwa na wafadhili. Ilikuwa nyeupe, nzuri, kipanya chake kina kitufe kimoja tu kama kitu cha watoto, na mfumo wake ulikuwa wa kununua, tena wa bei. Kila kitu juu kiling'aa. Wenzangu wakakaa kuiangalia. Mimi nikaigeuza. Sisemi mwili wake, nasema mfumo. Nilipekua mpaka nikapata kidirisha kidogo kilichofichwa mbali na macho ya watu wa kawaida, nikakifungua, kikawa cheusi chenye maandishi meupe. Nikaandika amri niliyofundishwa Mtwara. Ikajibu. Nikaandika nyingine, ikajibu. Chini ya ule uzuri wa kununua kulikuwa na udugu wa karibu na kile kitu cha bure kilichokuwa kinaendesha kompyuta kuukuu mezani jirani. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuangalia.

Mwaka ambao Mama Regina alivimba koo, madaktari walimwambia mapema, bila kumficha, kwamba wanaweza kumwokoa lakini sauti huenda isibaki. Alikubali. Alipona, akaongezeka mwili, akabaki na pumzi ya kunong'ona ambayo ukikaa hatua mbili huipati. Fundi Hilari akaanza kutafuta kaseti. Alizunguka zahanati na nyumba za watu na baiskeli yake. Nyingine mkanda ulikuwa umeliwa na redio, nyingi watu walikuwa wamerekodia juu yake. Mama mmoja wa Kitangari alimpa kaseti kwa mikono miwili, akamhakikishia ndiyo yenyewe, na walipoiweka wakasikia harusi ya mwanawe. Sidii tulizohifadhia masomo, nazo vumbi na joto vilikuwa vimeshazimaliza, hazikusomeka. Ikabaki ile kompyuta nyeupe tu.

Nilikuwa nimeagiza diski ya kunakilia kila kitu. Ilifika, na wiki hiyohiyo umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na mashine nyeupe ikagoma kuwaka. Kioo kilikuwa cha kijivu, kijiduara kinazunguka, kinazunguka, hakifiki popote. Mradi ulikuwa ukingoni kufungwa na mashine ilishaahidiwa shule moja Dar es Salaam. Nilimpigia simu wakala wa kampuni ya mashine hiyo. Alikuwa mtu muungwana, akanieleza ukweli: ikifika kwake atafuta diski yote na kuweka mfumo upya, ndivyo anavyotakiwa. Nikamuuliza je, nikiingilia chini. Akanitajia vitufe viwili vya kushikilia wakati wa kuwasha. Akaongeza, "Lakini dada, siwezi kukuahidi kitu." Gari la kuipeleka Dar es Salaam lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi.

Mchana ule wakafika wote wawili kutoka Lupaso. Habari mbaya huku haihitaji simu. Nilimwamkia Fundi Hilari, akaitikia bila kukaa, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Fadhili, tumesikia mashine imekufa."

"Haijafa, baba. Imezimia."

"Na sauti ya mama yenu?"

"Imo humo."

Mama Regina alikaa kwenye kigoda karibu yangu, kitambaa amekifunga shingoni, akauchukua mkono wangu na kuupapasa kama alivyowapapasa wenye uchungu wa kuzaa. Yeye ndiye aliyepoteza, na yeye ndiye aliyekuwa ananituliza. Nikaeleza nitakachofanya. Nikasema sehemu ya juu ni ya kununua, imefungwa na imegoma, lakini chini yake kuna mfumo wa huria, na nitapitia huko.

Fundi Hilari alivua kofia. "Wa nini?"

"Wa huria, baba."

"Basi tena." Alimgeukia mkewe, akanigeukia mimi. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Huria mimi naijua, binti yangu. Ilikuja na mizani yake, ikaondoka na karakana yangu. Sasa na sauti ya mke wangu nayo mmemwachia huria?"

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimelitumia kama watu wa Mtwara mafunzoni, nikasahau naongea na nani. Nikakaa chini, kwa sababu jambo lile halikuwa la kusemwa mtu amesimama.

"Neno ni lilelile, baba, watu ndio wengine. Wale walikuja kuchukua. Hawa walitengeneza, wakaacha wazi. Msingi wameuchimba kwa msaragambo, kila mmoja na jembe lake. Baadaye kampuni ikaja, ikaukuta umekaa vizuri, ikajenga juu yake nyumba nzuri, ikatia kufuli mlango wa mbele, ikauza. Hiyo ni biashara yao. Lakini mlango wa chini haukufungwa."

"Kwa nini hawakuufunga?"

"Walioanza hawakutaka mtu arudi kwao na mashine yake mbovu."

 Aliyajua maneno yake mwenyewe. Mama Regina naye aliyajua, nikauona mkono wake umeacha kupapasa. Mzee akairudisha kofia kichwani, akavuta kiti.

"Haya," akasema. "Geuza."

Nilishikilia vile vitufe viwili nikawasha. Ile rangi ya kijivu haikuja. Kioo kikawa cheusi na maandishi meupe yakaanza kupanda, na katikati yake yakapita majina ya waliofanya kazi ile, majina yaleyale niliyokuwa nikiyaona yakipita kwenye kompyuta kuukuu kila asubuhi. Nisiwadanganye, nilisema shikamoo kimoyomoyo. Kisha nikaandika amri ya kukagua diski. Ina herufi nne zisizotamkika, hata kwetu sisi tunaosema "nlango" na "nke" bila kujikwaa. Ikaanza kukagua.

Umeme ukakatika. Tulikuwa tumeiunga mashine kwenye betri ya gari, kupitia kibadilisha umeme, tangu mwanzo, kwa kuwa wote watatu tulikuwa wa Masasi na Newala na tunaujua umeme wetu. Lakini feni ilizimika, na chumba kile cha magodoro kikageuka tanuri. Nikafungua mlango upate kuingia upepo. Kibanio cha betri kilikuwa kimelegea, na waya ukiachia katikati ya matengenezo ndiyo kwaheri. Kabla sijasema kitu Fundi Hilari alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, amekishika kwa vidole. Alikaa hivyohivyo, mzee wa watu, jasho linamdondoka puani.

Mashine ikaandika kwamba imekuta kasoro na imerekebisha. Mkiona hivyo msifurahi mapema, vijana. Rudieni. Nikarudia, ikakuta nyingine, ikarekebisha. Nikarudia tena. Mama Regina alikuwa ameyafumba macho. Kila iliponyamaza nilisikia pumzi zetu sote, na ya kwake ikiwa ya mkwaruzo. Mara ikaandika kwamba diski inaonekana iko salama, haina la kurekebisha. Nikawasha upya. Kijivu, kijiduara, kikazunguka, kikazunguka, nikaanza kuhesabu moyoni sababu za kumpa mzee yule, halafu picha ikafunguka na mafaili yote yako mahali pake.

Sikufungua hata moja. Nilichomeka diski mpya nikanakili kwanza, mpaka la mwisho, huku naangalia ule mstari unajaa taratibu na Fundi Hilari bado yuko kwenye betri. Masomo yote mnayoyanakili leo kwa ajili ya zahanati yametoka kwenye nakala ile.  Mliniuliza kifaa. Basi jibu langu ni lile giza lenye maandishi meupe, ambalo watu nisiowajua walikataa kulifunga.

Nilitaka kuhakikisha kwamba sauti zenyewe ni nzima, nikabonyeza faili mojawapo bila kuchagua. Lilikuwa mojawapo ya zile rekodi ambazo sikuzikata. Sauti yake ikajaa chumba, nzito, ya karibu, na matamshi yake yote. Mama Regina akashika kitambaa cha shingoni kwa mikono miwili. "Ntoto akiharisha usimnyime maji, mwanangu. Mpe kidogokidogo. Ukimnyima..." Kisha ndani ya rekodi ukasikika mlio wa bawaba, na kimya. Kisha sauti ileile, bila kupaa:

"Baba Legina, nlango."

Fundi Hilari aliachia waya. Aliinuka kutoka sakafuni, akapita katikati yetu bila kututazama, akaenda hadi mlangoni, akaufunga. Alibaki hapo, mkono uko kwenye kitasa, ametupa mgongo. Mabega ya Mama Regina yalikuwa yanatikisika kwa kicheko kisichokuwa na sauti, na machozi yanamtiririka.

"Nimefunga, mama," akasema.